Uadimu ni wa Nani? Ukusanyaji wa Filamu za Watu Wazima za Miaka ya 1970 na Sura ya Arua na Koboko

Ikisiri

Filamu za watu wazima zilizotengenezwa katika enzi ya utamaduni pinzani, yaani tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, zimekuwa mali ya thamani kwa wakusanyaji wa Ulaya na Marekani. Makala hii inahakiki misingi ya ukusanyaji huo kwa kuzitazama filamu mbili zinazomhusu Idi Amin: General Idi Amin Dada: Autoportrait ya Barbet Schroeder (1974) na Rise and Fall of Idi Amin ya Sharad Patel (1981). Filamu hizi zinasomwa kutoka Arua na Koboko, eneo la West Nile, ambako Amin ana asili ya ukoo na ambako watu waliadhibiwa kwa jina lake baada ya kuanguka kwake. Hoja kuu ni kwamba thamani ya uadimu, kama wakusanyaji wanavyoielewa, hupatikana kwa kuitenga picha na watu walioonyeshwa ndani yake. Makala inapendekeza namna nyingine ya kuhifadhi, ambayo inaanzia kwenye kazi ya mfasiri wa kibanda cha video.

1.0 Utangulizi

Neno "filamu za watu wazima" lina maana pana kuliko inavyodhaniwa kwa kawaida. Katika mazungumzo ya mitaani linamaanisha filamu za ngono. Katika historia ya ukaguzi wa filamu, hususan Uingereza, lilimaanisha kila filamu iliyokatazwa kwa watoto, iwe kwa sababu ya uchi, damu, dawa za kulevya au mateso. Mkusanyaji wa leo amerithi maana hiyo ya pili. Katika rafu yake, mwili ulio uchi na mwili uliouawa hukaa bega kwa bega, na vyote viwili huuzwa kwa sifa ileile: viliwahi kufichwa.

Hapo ndipo Koboko inapoingia katika mjadala ambao kwa mtazamo wa kwanza hauihusu. Koboko ni mji mdogo ulio karibu na mahali Uganda inapokutana na Sudani Kusini na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Arua hadi ilipopewa wilaya yake mwaka 2005. Wakazi wake husema Kikakwa, Kilugbara, Kinubi na Kiswahili, na wengi hutumia lugha tatu au zaidi kwa siku moja. Baba yake Idi Amin alikuwa Mkakwa, na kwa sababu hiyo kila picha iliyotengenezwa kumhusu Amin ilikuwa pia, kwa kiasi fulani, picha ya Koboko. Picha hizo zilitengenezwa kwa wingi katika miaka ileile ambayo filamu za watu wazima zilikuwa zikistawi Paris, London na New York, na baadhi zilitengenezwa na watu walewale.

Swali la makala hii ni moja. Filamu inaposemwa kuwa adimu, ni adimu kwa nani?

2.0 Mkusanyaji na Thamani ya Uadimu

Katika insha yake ya mwaka 1931 kuhusu kuifungua maktaba yake, Walter Benjamin alimtazama mkusanyaji kama mtu anayekiokoa kitu kutoka katika soko na kukipa makao mapya. Maelezo hayo yanawafaa wakusanyaji wa filamu za miaka ya 1970 kwa kiasi kikubwa. Filamu hizo zilitengenezwa kwa fedha kidogo, zikaonyeshwa katika kumbi duni, kisha nakala zake zikatupwa. Hifadhi nyingi za taifa hazikuzitaka. Waliozitaka ni watu binafsi. Kampuni ya Something Weird Video, iliyoanzishwa na Mike Vraney mjini Seattle mwaka 1990, iliokota mamia ya filamu ambazo hapana chuo kilichokuwa tayari kuzipokea. Vinegar Syndrome, iliyoanzishwa Connecticut mwaka 2012, imezisafisha filamu za ngono na za kutisha kutoka katika negativu zake kwa uangalifu ambao zamani ulitengewa kazi za mabingwa tu. Taasisi ya Kinsey katika Chuo Kikuu cha Indiana, iliyoanzishwa mwaka 1947, ni miongoni mwa asasi chache za kitaaluma zilizoziona mapema filamu za aina hii kuwa ushahidi wa historia.

Kazi hiyo inastahili heshima. Mtafiti wa leo anayetaka kujua jinsi ukaguzi ulivyofanya kazi, au jinsi mwili wa mwanamke ulivyouzwa, hawezi kuendelea bila wakusanyaji hao. Jeffrey Sconce, katika makala yake maarufu ya mwaka 1995, aliwatetea watazamaji wa filamu zinazodharauliwa. Alionyesha kwamba kuipenda filamu "mbaya" kunaweza kuwa njia ya kuzipinga kanuni za uzuri zilizowekwa na tabaka la juu.

Hata hivyo, utetezi wa Sconce una watu wawili tu: mtazamaji mwasi na mhakiki mwenye mamlaka. Mtu wa tatu, yaani yule aliyepigwa picha, hana nafasi. Kwa filamu zilizotengenezwa California pengo hilo linaweza kuzibwa, kwa kuwa waigizaji wengi waliishi hadi kuhojiwa na kueleza yaliyowapata. Kwa filamu zilizopigwa Afrika pengo linabaki wazi. Mfano unaojulikana zaidi Afrika Mashariki ni Africa Addio ya Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi (1966), iliyorekodi kutoka angani maiti za waliouawa Zanzibar katika mapinduzi ya Januari 1964. Huko Marekani filamu hiyo ilikatwa na kuuzwa upya kwa jina la Africa Blood and Guts, katika kumbi za filamu za ngono na za umwagaji damu. Leo matoleo yake mbalimbali ni vitu vya kukusanywa. Mkusanyaji hulinganisha urefu wa dakika. Waliolala ufukweni hawana majina.

Kwa muhtasari, uadimu wa mkusanyaji una vyanzo vitatu: filamu ilipigwa marufuku, au ilikatwa, au ilisahauliwa. Vyote vitatu ni matukio yanayoihusu filamu. Hakuna hata kimoja kinachowahusu watu waliomo.

3.0 Autoportrait ya Schroeder: Nani ni "Sisi"?

Barbet Schroeder ni mtu wa utamaduni pinzani kwa kila kipimo. Alianzisha kampuni ya Les Films du Losange mwaka 1962 pamoja na Éric Rohmer. Filamu yake ya kwanza, More (1969), ilihusu vijana na heroini. Muziki wake ulipigwa na Pink Floyd, kama ule wa La Vallée (1972). Maîtresse (1976), inayomhusu mwanamke anayelipwa na wanaume ili awatese, ilinyimwa cheti na wakaguzi wa Uingereza mwaka huohuo. Katikati ya filamu hizi kuna General Idi Amin Dada. Zote nne zilipigwa picha na Néstor Almendros. Jicho lililowatazama wateja wa Maîtresse ndilo lililomtazama Amin miaka miwili kabla. Leo filamu hiyo ya Amin na Maîtresse zimo katika mkusanyo mmoja wa kibiashara, Criterion, zikiwa na usafi uleule wa picha na maelezo ya kitaalamu.

Kwa mkusanyaji, filamu ya Amin ina hadithi isiyo na kifani. Amin alishiriki kuitunga: alichagua matukio, alipiga kodiani inayosikika katika muziki wake, na katika sehemu moja anamwamuru mpigapicha aielekeze kamera kwenye helikopta. Ndiyo maana jina lake ni "picha ya kujichora". Toleo refu lilipoonyeshwa Ufaransa, Amin hakuridhika. Aliwatumia raia wa Ufaransa waliokuwa Uganda kama mateka hadi Schroeder akakubali kuondoa kiasi cha dakika mbili na nusu. Baada ya Amin kuanguka Aprili 1979, vipande hivyo vilirudishwa. Basi ni filamu iliyokaguliwa na mhusika wake mwenyewe, na mkaguzi alikuwa na bunduki. Mkusanyaji angetaka nini zaidi?

Tukiitazama kutoka Arua, uzito wa filamu uko mahali pengine. Uko katika mkutano wa baraza la mawaziri. Amin anawahutubia mawaziri wake, anawakemea, nao wanaandika katika madaftari. Kamera inamtafuta mmoja wao, waziri wa mambo ya nje. Msimulizi anatueleza kwamba wiki mbili baadaye maiti ya waziri huyo ilipatikana katika mto Naili. Kisha filamu inaendelea na safari yake.

Waziri huyo alikuwa Luteni Kanali Michael Ondoga, Mlugbara wa West Nile. Aliuawa mwaka 1974. Kwa mtazamaji wa Paris yeye ni thibitisho: anakuja kuonyesha kwamba kicheko cha Amin kinaua, kisha anaondoka. Kwa mtazamaji wa Arua yeye ndiye filamu yenyewe. Kifo chake kinavunja dhana iliyoenea kwamba utawala wa Amin ulikuwa utawala wa West Nile juu ya Uganda. Ondoga alikuwa afisa wa jeshi, waziri, na mtu wa kutoka upande uleule wa mto. Hayo yote hayakumwokoa. Sekunde hizo chache zinabeba ushahidi ambao, kama ungesomwa vizuri mwaka 1979, ungewapa watu wa Arua na Koboko utetezi mbele ya waliokuja kulipiza kisasi.

Schroeder hakuusoma hivyo kwa sababu alikuwa akizungumza na watu wengine. Maneno ya mwisho ya msimulizi yanadai kwamba, baada ya karne moja ya ukoloni, Amin ni kwa sehemu taswira iliyopotoka ya "sisi" wenyewe. Wahakiki wengi wameyasifu kwa ujasiri wake wa kisiasa, na ni kweli yanamnyima Mzungu starehe ya kujiona yuko mbali na ukatili. Lakini "sisi" hiyo ina mipaka. Kiswahili hakina kiwakilishi kimoja cha kumjumuisha msikilizaji na kingine cha kumtenga. Tunalazimika kukisia kutokana na muktadha. Muktadha hapa hauachi shaka. "Sisi" ni Wafaransa na Waingereza wanaojitazama katika kioo. Mkazi wa Koboko hayumo katika "sisi", wala hayumo katika "yeye" anayetazamwa. Amegeuzwa kuwa fremu ya kioo.

Hata hivyo, filamu hii ina sifa isiyoweza kukanushwa. Inamwacha Amin aseme. Haimwongezei pembe wala mkia, na kila kinachomhukumu kinatoka kinywani mwake au usoni mwake. Katika mkutano wa madaktari, kamera inabaki juu ya uso wake hadi mtazamaji anaiona hofu ndani ya macho yake. Hiyo ni sanaa inayoheshimu ushahidi, na ndiyo inayowezesha usomaji tunaoufanya hapa. Filamu inayofuata haina fadhila hiyo.

4.0 Filamu ya Patel: Jokofu na Mwaka 1981

Rise and Fall of Idi Amin ilitengenezwa nchini Kenya na kuongozwa na Sharad Patel. Amin aliigizwa na Joseph Olita, mwigizaji Mkenya ambaye alimfanana Amin kwa umbo kiasi kwamba alipewa tena nafasi hiyo, kwa muda mfupi, katika Mississippi Masala ya Mira Nair (1991). Kabla yake, filamu za Marekani kuhusu uvamizi wa Entebbe zilikuwa zimewapa nafasi hiyo waigizaji waliojulikana kwa filamu za mitaa ya Wamarekani Weusi: Julius Harris na Yaphet Kotto. Patel ndiye aliyeichukua hadithi hiyo kutoka katika filamu za kijeshi na kuipeleka kikamilifu katika filamu za mshtuko. Jokofu linafunguliwa na ndani yake mna vichwa vya watu. Nyama ya binadamu inaliwa mbele ya kamera.

Mbinu ya filamu hii inastahili kuchunguzwa kwa sababu haijitambulishi kuwa ngano. Inatumia majina halisi na matukio halisi. Denis Hills, mwalimu Mwingereza aliyehukumiwa kifo mwaka 1975 kwa aliyoyaandika kuhusu Amin na kisha akaachiliwa, anajiigiza mwenyewe. Shahidi wa kweli anasimama karibu na jokofu la kubuni, na ukweli wake unalikopesha jokofu heshima. Hii ni kanuni ya kale ya uvumi: chumvi kidogo ya kweli hufanya mchuzi wote unyweke.

Mwaka wa filamu hii ni 1981. Katika hesabu za mkusanyaji, tarehe hiyo inaiweka mwishoni mwa kipindi bora cha filamu za mshtuko, kabla ya kaseti za video kuua kumbi. Katika hesabu za Arua, tarehe hiyo ina maana nyingine. Oktoba 1980, baada ya mashambulizi ya waliokuwa askari wa Amin, jeshi jipya la UNLA lililipiza kisasi juu ya raia, na sehemu kubwa ya watu wa West Nile walikimbilia Zaire na Sudani. Tarehe 24 Juni 1981, askari wa jeshi hilo waliwaua raia waliokuwa wamejihifadhi katika misheni ya Kikatoliki ya Ombaci, karibu na mji wa Arua. Waliouawa walikuwa wakulima, wanawake, watoto na wanafunzi. Kosa lao lilikuwa mahali walipozaliwa.

Makala hii haidai kwamba filamu ya Patel ilisababisha mauaji ya Ombaci. Dai kama hilo halina msingi. Inachodai ni kwamba filamu na mauaji vilitumia sarufi moja. Katika sarufi hiyo, uovu wa mtu mmoja ni tabia ya damu yake, na damu yake ina anwani. Amin akiwa mla watu, basi anakotoka ni kwa wala watu. Filamu iliyosema hivyo ilisambazwa duniani katika kipindi kilekile ambacho wakazi wa Koboko walikuwa wakiishi kambini ng'ambo ya mpaka. Hawakuwa na kamera ya kujibu.

Leo filamu hii huuzwa kama kituko cha kufurahisha. Mtazamaji anaalikwa acheke wingi wa damu ya bandia. Kucheka huko kunawezekana kwa sababu mtazamaji hajui Ombaci iko wapi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Filamu ni nyepesi kwa yule tu asiyeubeba uzito wake.

5.0 Sheria, Kibanda na Hifadhi

Je, kwa nini Arua isiwe na mkusanyo wake? Vizuizi ni vingi, na cha kwanza ni sheria. Amin mwenyewe alijifanya mlinzi wa maadili: mwaka 1972 alipiga marufuku sketi fupi. Tabia ya dola kuulinda utu kwa kuupima mwili wa mwanamke haikuondoka pamoja naye. Sheria ya Kupinga Ponografia ya mwaka 2014 ilitafsiri ponografia kwa upana mkubwa, na ikayaweka katika kapu moja la makosa mambo kama kutengeneza, kuuza na kuingiza nchini. Mnamo Agosti 2021 Mahakama ya Katiba ilibatilisha vifungu vyake muhimu, kikiwemo kile cha tafsiri, kwa kutokuwa na maana dhahiri. Hukumu hiyo kwa kawaida hujadiliwa kama ushindi wa uhuru wa mavazi. Kwa mhifadhi wa nyaraka ina maana ya ziada. Pale ambapo sheria haitofautishi kati ya kuuza picha na kuitunza kwa uchunguzi, mtunzaji huogopa, na mtu anayeogopa huchoma alichonacho.

Kizuizi cha pili ni mazoea ya kuzitazama filamu kama bidhaa ya kupita. Filamu ya Nabwana IGG, Who Killed Captain Alex? (2010), ambayo sasa inapendwa na wakusanyaji wa dunia nzima, haina nakala mama: ilifutwa kwenye kompyuta ili kupata nafasi ya kazi iliyofuata. Kilichobaki ni toleo lenye sauti ya mfasiri juu yake.

Hapo ndipo jibu lilipo. Katika vibanda vya video vya Uganda, mfasiri, ambaye wateja humwita vijei, husimama kati ya filamu na watazamaji. Hatafsiri maneno tu. Hueleza, hukejeli, humpa mhusika jina la jirani, humzomea mwovu, na huziba pengo ambalo mtengenezaji hakuliona. Tanzania ilikuwa na Lufufu, aliyefanya kazi hiyo kwa Kiswahili hadi jina lake likawa kivutio kikubwa kuliko la nyota wa filamu. Mkusanyaji wa Marekani huiona sauti hiyo kama uchafu uliopakwa juu ya picha safi. Kwa nadharia ya mapokezi, sauti hiyo ndiyo mapokezi yenyewe yaliyorekodiwa, jambo ambalo wahakiki wa Ulaya wanalazimika kulikisia kutoka katika magazeti.

Tuchukulie kwamba filamu mbili zilizojadiliwa hapa zingewekwa Arua zikiwa na sauti ya namna hiyo, kwa Kilugbara, Kikakwa na Kiswahili. Kiswahili kina sababu maalumu ya kuwepo. Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na kwa Waganda wengi kikabaki na harufu ya kambi ya jeshi. Filamu zimeiendeleza harufu hiyo. Forest Whitaker alijifunza Kiswahili ili amwigize Amin katika The Last King of Scotland (2006). Lugha iliyotumika kutoa amri mbele ya kamera ingetumika safari hii kutoa ushahidi. Pale Ondoga anapotokea, mfasiri angesimamisha picha na kusema alikuwa nani. Pale jokofu linapofunguliwa, angeitaja tarehe 24 Juni 1981.

Pendekezo hili lina mfano wa kuliunga mkono. Mwaka 2015 maelfu ya negativu za wapigapicha wa serikali ya Amin, zikadiriwazo kufikia 70,000, zilijitokeza katika Shirika la Utangazaji la Uganda, na mwaka 2019 sehemu yake ilionyeshwa katika Jumba la Makumbusho la Uganda, Kampala. Suala gumu la maonyesho hayo lilikuwa hilihili: picha zilizopigwa ili kumtukuza mtawala zinawezaje kuonyeshwa bila kumtukuza tena? Sehemu ya jibu ilikuwa kuzizungushia kumbukumbu za walioumia. Chuo Kikuu cha Muni, kilichopo Arua, kingeweza kuwa nyumba ya kazi kama hiyo kwa upande wa filamu, wakati waliozishuhudia siku hizo bado wako hai na wanaweza kusema.

6.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba ukusanyaji wa filamu za watu wazima za enzi ya utamaduni pinzani umeokoa mengi, lakini umeokoa kwa masharti yanayomwacha nje mtu aliyepigwa picha. Filamu ya Schroeder inabaki kuwa kazi kubwa kwa sababu imehifadhi ushahidi mwingi kuliko ilivyokusudia. Filamu ya Patel inabaki kuwa hati ya namna jamii nzima inavyoweza kuhukumiwa kwa mwili wa mtu mmoja. Kuziteketeza kungekuwa kosa, na kuziacha katika rafu za vituko ni kosa pia. Kinachotakiwa ni kuzileta mahali zinapojulikana kwa jina, na kumpa mfasiri kipaza sauti. Arua na Koboko hazikosi filamu adimu. Kilicho adimu huko ni nafasi ya kuzijibu, na nafasi hiyo inapungua kila mwaka shahidi mmoja anapozikwa.